Namna ya Kuandaa Kumbukumbu ya Marehemu wa MV Bukoba: Daftari, Makaburi na Misa

Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria, ikitokea Bukoba na Kemondo, bandari ya Mwanza ikiwa imebaki mwendo mfupi tu. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Waliokufa hutajwa kuwa zaidi ya 800, na wapo wanaosema walifika 1,000. Hesabu hizo hazijawahi kukutana kwa sababu abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Walikata tiketi, wakapanda na mizigo yao, wakazama bila majina yao kuandikwa popote.

Ndiyo maana nasema kazi ya kwanza ya anayeandaa kumbukumbu hii ni kuandika orodha ambayo meli haikuwa nayo. Turubai, mashada ya maua na wageni rasmi vitafuata.

Nilijifunza hilo kwa aibu. Mara ya kwanza nilipokuwa katibu wa maandalizi, tulikuwa na majina kama arobaini tu. Msomaji wetu aliyasoma vizuri, kisha akamalizia, "na wengine wengi." Mama mmoja mzee, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka mbele kabisa, akainua mkono kama mwanafunzi darasani. "Mwanangu," akamwambia, "hao wengine wengi ndio akina nani? Wangu wawili wamo humo?" Msomaji akanitazama mimi. Nikatazama karatasi. Hawakuwamo.

Ninayoyaandika hapa ni kwa ajili ya parokia, jumuiya au ukoo wowote unaotaka kuwakumbuka marehemu hawa kwa heshima inayowastahili, kwa imani ya Kikatoliki na katika eneo la wazi linalokusanya watu wa imani zote. Ndugu zetu wa Ukara, waliofiwa MV Nyerere ilipopinduka tarehe 20 Septemba 2018, wanaweza kuyatumia hivyo hivyo. Kivuko kile kilikuwa cha abiria 101, na waliokufa walizidi 220.

Anzeni Januari, na msianze peke yenu

Miezi minne si mingi. Kamati ya watu saba hadi tisa inatosha: katekista, mama mmoja wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki (hawa ndio wanaojua nani alibaki mjane na nani alilelewa na bibi), wawakilishi wawili wa familia za marehemu, mtu kutoka msikitini, mtu wa KKKT, kanisa la Kilutheri, na mwenyekiti wa mtaa. Kagera ina Walutheri wengi na Waislamu wengi, na meli haikuwatenganisha. Mkianza mkiwa Wakatoliki watupu kisha mkawaalika wengine wiki moja kabla, watakuja kama wageni kwenye msiba wao wenyewe.

Kila mwaka huwa kuna kumbukumbu kwenye makaburi ya Igoma, jijini Mwanza, walikozikwa wengi ambao hawakutambuliwa au hawakuweza kurudishwa kwao. Ulizeni mapema ratiba ya siku hiyo ili msigongane. Makaburi yale ni ya umma. Mtakapotaka kufyeka, kufunga turubai, kuweka vipaza sauti au kujenga chochote, andikeni barua kwa Mkurugenzi wa Jiji kupitia kwa mtendaji wa kata, na mbaki na nakala yenye mhuri.

Daftari

Nunueni kaunta buku nene, lenye jalada gumu. Simu na kompyuta ni nzuri kwa nakala, lakini mzee wa kijijini anayeona jina la mwanawe likiandikwa kwa kalamu mbele yake ataamini kwamba limeandikwa. Chora safu hizi: jina kamili, jina la ubatizo au la dini yake, jina la nyumbani, jinsia na umri wakati ule, kijiji na parokia au msikiti alikotoka, alikozikwa kama kunajulikana, jina la aliyeleta taarifa na uhusiano wao. Safu ya mwisho acheni wazi kwa masahihisho.

Majina ya Kihaya yanataka uangalifu. Jina moja linaweza kuandikwa Kokushubira kwenye cheti cha ubatizo na Kokushubila kwenye kitambulisho, na mtu huyo huyo mtaani akajulikana kama Mama Fulani tu. Msiamue ninyi. Muulize mwenye marehemu, "Mama, yeye mwenyewe aliliandikaje?" Kisha msomee ulichoandika, herufi kwa herufi. Yule mama wa mkekani alipokuja kuandikisha wanawe, aliniomba kalamu. Hakuwa na miwani, akainama hadi pua ikakaribia karatasi, akafuta L yangu kwa mstari mmoja na kuweka R juu yake. Alipomaliza aliweka kidole juu ya jina na akakaa hivyo muda mrefu. Foleni nyuma yake ilisubiri, na hakuna aliyelalamika.

Kuna njia kadhaa za kupata majina. Tangazeni baada ya Misa kwa Jumapili nne mfululizo, Mwanza na huko Kagera, na ombeni misikiti na sharika za KKKT zitangaze pia. Pitieni jumuiya ndogo ndogo moja moja, kwa sababu wapo waliochoka kutangaza msiba wao hadharani ila watausema nyumbani. Mwombeni Paroko awaangalizie daftari la marehemu la parokia. Sheria ya Kanisa inataka kila maziko yaandikwe humo, na parokia nyingi za Kagera zilipokea miili Mei na Juni ya mwaka ule. Hiki si kitabu cha kila mtu kujifunulia: Paroko ndiye mwenye ruhusa, nanyi mnahitaji majina tu.

Jina likiletwa na mtu mmoja asiye ndugu, tafuteni shahidi wa pili. Msilifute kwa kukosa ushahidi. Liwekeeni alama ndogo ya penseli, mwendelee kuuliza.

Wapo watoto wachanga waliokuwa mgongoni mwa mama zao, ambao hawakuwa na jina au hawakuwa wamebatizwa. Waandikeni "mtoto wa" na jina la mama. Wazazi na mabibi huuliza kwa woga kama mtoto wa namna hiyo anaombewa. Wajibuni bila kusita: Katekisimu, namba 1261, inafundisha kwamba Kanisa linawakabidhi watoto hawa kwa huruma ya Mungu, na Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1183, inaruhusu kwa kibali cha askofu hata mazishi ya Kikanisa kwa mtoto ambaye wazazi walikusudia kumbatiza. Ikiwa Kanisa linaweza kumzika, hakuna wa kuwazuia ninyi kumtaja.

Kumwona Paroko

Nendeni kwa Paroko na tarehe, orodha ya awali, na maswali yafuatayo mkiwa mmeshayajadili.

Misa ni kwa nia ya nani? Kanuni ya 901 inampa padre uhuru wa kutoa Misa kwa ajili ya mtu yeyote, aliye hai au aliyefariki. Hivyo Misa yenu inaweza kutolewa kwa ajili ya wote waliozama, kikamilifu, bila kuuliza nani alikuwa Mkatoliki. Ila usomaji wa majina yote mia kadhaa usiwekwe ndani ya Sala ya Ekaristi. Nitaeleza mahali pake hapa chini.

Sadaka ya Misa. Hapa pana utata unaoumiza watu. Familia moja inaleta sadaka yake ikidhani marehemu wake atasomewa Misa yake peke yake, kumbe kamati imekusanya zote kwa Misa moja. Kanuni ya 948 inasema kila sadaka iliyopokelewa kwa nia yake, hata ikiwa ndogo, inadai Misa yake. Kwa hiyo tangazeni wazi kabla ya kupokea senti: hii ni Misa moja ya pamoja kwa marehemu wote, anayetaka ya peke yake, aandikishwe ofisi ya parokia. Na asiye na chochote aje. Mapadre wamehimizwa na kanuni ya 945 kuwaombea maskini hata bila sadaka.

Misa iwe wapi? Kawaida ni kanisani, mahali patakatifu. Ikiwa mnataka iwe makaburini, ni Paroko wa eneo lile anayeamua, na akikubali tayarisheni meza imara, vitambaa safi vya altare, na turubai juu ya altare kwanza kabla ya turubai la wageni.

Mavazi na masomo. Hapa watu hushangaa. Tarehe 21 Mei mara nyingi huangukia Kipindi cha Pasaka, na nje ya kumbukumbu ya mwaka wa kwanza Misa ya wafu hairuhusiwi siku hizo za kawaida za Pasaka. Padre atavaa nyeupe na kusoma masomo ya siku, na nia ibaki ni marehemu wetu. Niliwahi kusikia minong'ono, "Mbona hakuvaa zambarau, ametusahau?" Hakusahau. Fungua masomo ya Alhamisi tarehe 21 Mei 2026, siku ya kutimia miaka 30. Somo la kwanza ni la Matendo ya Mitume, Paulo amesimama mbele ya baraza akisema anahukumiwa kwa ajili ya tumaini la ufufuo wa wafu. Injili ni Yohane 17, Yesu akimwomba Baba kwamba wale aliompa wawe pamoja naye pale alipo. Nisingeweza kuchagua masomo bora zaidi, nami nisingeyachagua, kwa sababu ningekimbilia yale yaliyozoeleka msibani. Waelezeni watu hili katika tangazo la Jumapili iliyotangulia, na mshumaa wa Pasaka uwe umewashwa karibu na altare.

Wengine huuliza kwa nini tuwaombee watu waliokwisha kufa miaka mingi hivi. Someni pamoja kwenye jumuiya Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12, kuanzia mstari wa 43. Yuda anachangisha drakma elfu mbili za fedha, anazituma Yerusalemu kwa sadaka kwa ajili ya askari waliouawa vitani. Alichangisha mtu kwa mtu. Hata huko kulikuwa na kamati.

Jiwe la majina

Jiwe linaweza kusubiri mwaka wa pili au wa tatu. Daftari haliwezi, maana wenye kukumbuka wanazeeka.

Mkiwa tayari, fanyeni hesabu kabla ya kumwona fundi. Mstari mmoja wa jina, herufi za kusomeka na mtu mzima aliyesimama, unataka kama sentimita 2.5. Kibao chenye mita moja ya maandishi kinabeba mistari 40. Kikiwa na upana wa mita 1.2 kinaingia safu nne, majina 160. Vibao vitano vinabeba 800. Jengeni msingi wa vibao sita, na cha sita kiachwe kitupu.

Herufi zichongwe ndani ya graniti. Rangi juu ya saruji haishindi mvua za kanda ya ziwa. Majina yapangwe kwa alfabeti, bila Mheshimiwa, bila Dokta, bila kutenganisha dini wala daraja la tiketi. Msalaba wekeni kwenye kaburi la Mkatoliki ambalo familia inalijua. Jiwe la wote libebe majina, tarehe na jina la meli.

Kabla fundi hajagusa jiwe, chapisheni orodha nzima kwa maandishi makubwa, muibandike kwa wiki mbili kwenye mbao za matangazo za parokia, msikiti na ofisi ya mtaa, na kalamu ikining'inia kwa kamba. Watu watasahihisha. Jina lililokosewa kwenye karatasi linafutika, ila kwenye graniti mama atalitazama limekosewa hadi anakufa.

Kama mnataka kuona namna majina yanavyofanya kazi mahali pa wazi, Nairobi kuna bustani ya kumbukumbu ya shambulio la Agosti 7, 1998, palepale ulipokuwa ubalozi wa Marekani. Ukuta umeandikwa majina ya waliouawa Nairobi, watu 213, na wapita njia waliokwenda kupumzika tu hujikuta wakiyasoma. Na Buta, kusini mwa Burundi, waseminari 40 waliouawa Aprili 1997 kwa kukataa kutengana Wahutu na Watutsi wamelala kando ya kanisa lao. Pale hakuna anayesema "na wengine wengi".

Siku yenyewe

Siku ya kutangulia, fyekeni nyasi na mpake chokaa kwenye kingo za makaburi. Vijana wa VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, wafanye kazi hiyo, na mzee mmoja awepo kuwasimulia ni nani wamelala pale.

Asubuhi, kwanza kabisa, majina. Someni jina la kila marehemu palepale makaburini, kabla ya Misa, wakati Mkristo na Mwislamu wamesimama pamoja na hakuna anayejihisi yuko kwenye ibada ya mwingine. Jina moja likipewa sekunde nne, majina 300 yanachukua dakika 20, na 800 yanazidi dakika 50. Msiharakishe ili kuokoa muda. Punguzeni hotuba. Wekeni wasomaji sita wanaopokezana, wawe wamefanya mazoezi kwa sauti, na angalau wawili wawe wanaongea Kihaya. Baada ya kila majina ishirini gongeni kengele mara moja, mkae kimya kidogo, muendelee. Watoto wa shule wasishike maiki kwa sehemu hii. Jina likikwama mdomoni mwa mtoto, anayelisubiri anaumia.

Kisha shehe aongoze dua, mchungaji asali, na Wakatoliki waanze Misa. Wasio Wakatoliki wanaotaka kubaki waketishwe vizuri, na padre aeleze kwa upole utaratibu wa komunyo mapema, ili asiwepo wa kurudishwa mbele ya watu. Katika sala ya waamini watajeni waliozama, waliookoka, wavuvi na wazamiaji waliotoa miili majini, na wote wanaosafiri ziwani leo.

Mahubiri ni ya padre, na ni ya Neno la Mungu. Salamu za viongozi zije baada ya Misa kwisha, kila mmoja dakika tatu, na mshereheshaji awe mtu jasiri wa kuzisimamia.

Baada ya Misa kama ilikuwa kanisani, andamaneni kurudi makaburini kwa Rozari, matendo ya utukufu ikiwa bado Pasaka, au ya mwanga ikiwa ni Alhamisi. Padre atanyunyizia maji ya baraka, na hapo ndipo pa ile sala tunayoijua wote toka utotoni: "Raha ya milele uwape ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie."

Waliookoka msiwalazimishe kusema. Kila mwaka kuna mwandishi anayetafuta aliyeokoka ili amuulize alijisikiaje. Mmoja wa kamati akae karibu nao kazi yake ikiwa hiyo tu: kuwaletea chai, na kumwambia mwandishi hapana.

Ambao ziwa halikuwarudisha

Wapo ambao miili yao haikupatikana, na ndugu zao huja Igoma wakiwa hawana kaburi la kusimamia. Hawa wanastahili kipindi chao. Mnaweza kwenda mwaloni jioni, padre abariki, na kila familia iweke ua majini kutoka ufukweni. Inatosha kabisa.

Mkiamua kwenda majini kwa boti, basi: boti yenye leseni, jaketi la kuokolea kwa kila mtu na limefungwa, idadi isizidi uwezo hata kwa mtoto mmoja wa kupakata. Na kabla mtu hajaweka mguu ndani, jina lake liandikwe kwenye karatasi inayobaki nchi kavu mikononi mwa mtu anayeisubiri boti irudi. Atakayesema "tunaenda hapo tu" akumbushwe kwamba MV Bukoba nayo ilikuwa imebakiza pafupi tu.

Novemba

Mei isiwe siku pekee. Kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba Kanisa linatoa rehema kamili, yaani msamaha wa adhabu yote iliyobaki ya dhambi, kwa ajili ya roho za toharani kwa mwamini anayetembelea makaburi na kuwaombea marehemu, kwa masharti ya kawaida: kuungama, kupokea komunyo, kusali kwa nia za Baba Mtakatifu, na kuikataa dhambi yote. Pangeni jumuiya zipokezane siku hizo nane kwenda Igoma. Tarehe 2 kila padre anaruhusiwa kusoma Misa tatu. Mwombeni Paroko mapema kama moja inaweza kuwa kwa nia ya marehemu wetu.

Daftari halisi likae kwenye kabati la ofisi ya parokia, nakala moja msikitini, moja kwa familia, na picha za kila ukurasa kwenye simu tatu tofauti.

Na siku ya kumbukumbu, wekeni meza ndogo karibu na geti la makaburi, kivulini, yenye viti viwili, kalamu mbili na daftari limefunguliwa kwenye ukurasa mtupu. Akae hapo mtu mwenye mwandiko mzuri na subira, tangu watu wanapoanza kufika hadi gari la mwisho linapoondoka. Mara nyingi anayekuja kwenye meza hiyo ni mtu aliyekuwa akisita mbali siku nzima, na husogea wakati turubai linakunjwa. Mpe kiti. Muulize jina, na lilikuwa linaandikwaje.